Bi Kizibo Anaishi Kwetu

Jumatatu, 4 Machi

Bi Kizibo ameanza kuonyeshwa leo. Saa kumi na moja jioni, mara tu baada ya tangazo la sabuni. Nilikaa nyuma ya Kijino, mjukuu wangu, nikawa natazama kisogo chake badala ya televisheni. Kisogo cha mtoto anayetazama katuni hakina uhai. Nzi alitua hapo, akatembea, akajisafisha miguu, akaondoka kwa hiari yake mwenyewe.

Katuni yenyewe ni hii. Kuna kindi anaitwa Chapu, mwenye mkia mkubwa na adabu ndogo. Kuna kizee anaitwa Bi Kizibo, kazi yake kuiba vicheko vya watoto, kuvitia kwenye chupa na kuziziba. Kila siku Chapu anamfungia kizee ndani ya stoo yake mwenyewe, pamoja na chupa zake. Kesho yake kizee yuko nje tena, hakumbuki kitu. Watu wazima walikaa ofisini huko ng'ambo wakayachora haya, wakalipwa, wakaenda likizo. Sisi tukaletewa tuyatie sauti.

Sauti ya Bi Kizibo ni mimi.

Hapa nyumbani hawajui. Mwanangu yuko njiani na lori, wiki ya pili sasa. Mkewe, muuguzi, nilimwambia naenda studio kusoma matangazo ya dawa ya mbu. Kusoma tangazo ni kazi ya mtu mzima. Kuwa kizee wa katuni kwa umri wangu — hapana, acha tu.

Kijino hakucheka hata mara moja. Ilipokwisha aligeuka, akanitazama. Kisha akaitazama tena televisheni, ambayo sasa ilikuwa inauza godoro. Kisha mimi tena.

Jumatano, 6 Machi

Niandike ilivyokuwa, maana sina wa kumwambia. Naandikia stoo kama kawaida, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango nimeurudishia. Ndicho chumba pekee ambacho televisheni haifiki. Televisheni yenyewe niliinunua mimi, kwa ujira wa Bi Kizibo. Nani aniambie nisicheke.

Msimamizi wa studio namwita Tuendelee, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo. Umekohoa — tuendelee. Umeme umekatika — tuendelee. Alinisikia kwenye foleni ya zahanati nikimgombeza Kijino, aliyekuwa anatambaa chini ya mabenchi akihesabu viatu vya wagonjwa. Bwana huyo aliacha foleni yake, akanifuata, akaniomba namba ya simu. Nilidhani ananitongoza. Nikampa.

Siku ya kwanza nilimpelekea sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, ya kukwaruza, kama mlango uliokosa mafuta. Akasema hapana mama, nataka ile ya zahanati. Nikamwambia ile si ya kuigiza, ile ni ya nyumbani. Akasema basi ndiyo hiyohiyo.

Halafu kuna hii kazi ya kujaza mdomo. Kizee wa ng'ambo anasema maneno marefu, mfasiri wetu anaandika mafupi. Wewe unasema "Njoo hapa," umemaliza, na mdomo wa kizee kwenye kioo bado unatafuna hewa. Lazima uujaze. Wenzangu huujaza kwa "mmh" na "hebu" na vicheko vya bure. Mimi niliujaza kwa yale yaliyokuwa karibu na ulimi. Ewe binti, mimi nina macho hata kisogoni. Mimi si mwenzio. Hebu nione hiyo mikono. Kila nilipotupia moja, Tuendelee aliinua kidole gumba nyuma ya kioo. Nikazidi kutupia. Mimi niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, nilijiona msanii!

Tulimaliza sehemu zote mwezi uliopita. Zimeshafungwa, zimeshapelekwa kituoni. Kilichobaki ni vitangazo vya "usikose wiki ijayo".

Na meno yangu yanasaidia, ingawa hilo Tuendelee halijui. Manne ya mbele, juu, ni ya bandia. Yanainoa sauti, kila s inatoka na ncha. Hakuna aliyewahi kuniona bila hayo, hata marehemu mume wangu. Aliondoka duniani akisifu tabasamu langu, nami sikumsahihisha.

Kijino kang'oka mawili ya mbele mwezi uliopita, ndiyo asili ya jina. Sasa kila s inampiga mluzi, na neno "sabuni" ndilo baya kuliko yote. Watoto wa jirani walimcheka. Anaziba mdomo kwa mkono anapoongea. Nimemwambia pengo si aibu, binadamu hafichi mdomo wake. Nimemwambia hivyo huku meno yangu yamekaa sawasawa.

Jumapili, 10 Machi

Ugonjwa umeingia mtaani. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu mpole, aliwasalimia watoto waliokuwa wanacheza mbele ya duka lake. Wakamjibu kwa pamoja: "Kizibo mdomoni!" Ndivyo Chapu anavyomwambia kila mtu mzima anayefungua kinywa. Fundi akacheka, akidhani ni mchezo. Akasalimia tena. Wakamjibu vilevile. Mara ya tatu hakusalimia.

Mama wa mmoja wao alikuwa hapo, simu mkononi. Akasema jamani, wanachangamka siku hizi. Wanachangamka! Mtoto anamziba mdomo mzee aliyemshonea sare ya shule, hiyo ni kuchangamka.

Na mimi nilisimama hapo na mfuko wangu wa vitunguu, nikajitia hamnazo. Ningesema nini? Sauti yangu mimi ndiyo waliyofundishwa kuizomea.

Jumatatu, 11 Machi

Leo sina utani.

Tangu Kijino anatambaa nina maneno yangu ya kumwita. Si ya kugombeza. Ni haya: "Njoo nikupe kitu, roho yangu." Akiyasikia huacha chochote. Kitu chenyewe ni biskuti, au kifungo chenye rangi, au hakuna kitu, ni kupakatwa tu, na hajawahi kulalamika kwamba hakuna kitu.

Leo mchana nimemwita hivyo. Biskuti ilikuwa mkononi. Akasimama. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakulia. Alifumba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshikilia kitu kisitoke.

Nilisimama pale na biskuti yangu kama mtu wa mnada.

Kisha nikakumbuka. Sehemu ya sita. Bi Kizibo yuko dirishani kwake, chupa ameificha nyuma ya mgongo, anamwita mtoto aliyepotea. Mfasiri aliandika: "Njoo." Neno moja! Na mdomo wa yule kizee ulikuwa mrefu, mrefu, hauishi. Nikaujaza.

Tuendelee aliinua vidole gumba vyote viwili siku ile. Alisema nywele zimemsimama.

Imeonyeshwa jioni ya leo, ingawa kipande hicho kimerudiwa kwenye vitangazo tangu Ijumaa. Najua kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni. Mtoto wa katuni alikwenda, akachekeshwa, akazibwa. Kijino aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameshajua kabla.

Jumanne, 12 Machi

Nimefumaniwa.

Mkwe wangu alirudi zamu mapema, akawa jikoni anaosha vyombo. Mimi nilikuwa stoo. Kijino sebuleni na marudio ya sehemu ya jana. Nikasikia mkwe anaitikia kwa sauti, "Abee mama, nakuja," akifuta mikono. Akafika sebuleni, hakuna mama. Kuna kizee wa katuni mwenye pua kama ndizi, anamwita roho yake.

Nilipotoka stoo alikuwa bado kasimama, kitambaa mkononi, anatazama kioo. Kisha akanitazama mimi. Ni muuguzi, amezoea kutazama mtu na kujua palipo na jipu.

Hakupaza sauti. Aliniuliza ni tangu lini. Nikamwambia. Akauliza kama mwanangu anajua. Nikamwambia hajui. Akasema wiki nzima anamwambia mtoto aache woga, bibi ni bibi, sauti za watu wazima zinafanana. Kumbe mtoto alikuwa na akili kuliko wote nyumbani.

Kisha alicheka kidogo puani. Kicheko hicho nakijua. Anacho kwa ajili ya wagonjwa waliokunywa dawa ya jirani.

Ijumaa, 15 Machi

Kijino amelowesha kitanda, mara ya tatu wiki hii. Aliacha tabia hiyo zamani. Mimi namfulia mashuka, na yeye anatazama jinsi ninavyokamua.

Hali chochote nilichokigusa kwa vidole. Analeta kijiko mwenyewe, ananikabidhi, anasimama mbali.

Nilijaribu kuificha rimoti ndani ya sufuria. Alipiga kelele mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama kuna msiba. Halafu Kijino akaenda kwa fundi, akatazama huko, na sauti yangu ikaja kwetu kupitia ukutani. Unaweza kuzima televisheni yako. Ya ukuta wa pili utaizimaje?

Jioni mkwe kakaa nami mezani. Ameshaongea na mume wake kwa simu. Amekata shauri, na hakulizungusha: Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, akitoka zamu ya asubuhi, anampeleka Kijino kwa mama yake mzazi. Akakae huko, aanzie shule huko. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka mtoto atakapoweza kulala bila kufumba mdomo kwa mikono.

Mama yake nampa heshima zake. Kijino humwita Bibi wa Bustani. Ni mtu mwema, sauti yake kama maji ya uvuguvugu, hajawahi kumgombeza mtu. Na ana televisheni kubwa kama mlango wa gereji.

Hilo la mwisho nilimwambia mkwe. Nilidhani ni hoja. Akasema, "Mama, kule Bi Kizibo atakuwa kwenye kioo tu."



Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda studio kumtafuta Tuendelee. Nimevaa nguo ya kwenda kuomba kitu.

Nikamwomba anitoe, aweke sauti ya mtu mwingine. Nitarudisha ujira wangu. Akanitazama kwa huruma, kama ninaomba kurudishwa ujana. Akasema ziko kituoni, mama, zimeshaanza kuruka, watu wanazipenda. Akafungua droo, akatoa picha ambazo watoto wameleta. Bi Kizibo kwenye chupa. Bi Kizibo ameliwa na mbwa. Bi Kizibo hana kichwa, na kichwa kimechorwa pembeni kwa uangalifu, na macho yake. Akazipanga mezani kama baba mwenye fahari.

"Wanakuchukia," akaniambia. "Hongera sana."

Nikamwuliza kama kuna aliyefikiria watafanya nini na chuki hiyo katuni ikiisha saa kumi na moja na nusu, wakiwa wamebaki na bibi zao. Akasema wataalamu wanasema mtoto hutofautisha. Nikamwuliza wataalamu gani. Akasema tuendelee.

Kwenye korido nilikutana na Chapu. Yaani bwana anayemtia sauti. Ndevu hadi kifuani, tumbo, kandambili, baba wa watoto wanne. Sauti ile nyembamba inatoka wapi ni siri yake na Mungu wake. Nikamwuliza wanawe wanasemaje kumsikia.

"Wangu hawatazami," akasema. "Televisheni iko kabatini na ufunguo ninao mimi. Nimeona tunavyoipika."

Aliyasema akipiga mswaki. Ana mazoea ya kupiga mswaki kazini. Nikaona kwamba katika jengo zima huyu ndiye mtu mwenye akili, na ndiye ninayemchukia kuliko wote.

Hata hivyo nimepata wazo. Keshokutwa kuna kitangazo cha kurekodi. Nitampeleka Kijino aone. Aone bibi kasimama mbele ya maikrofoni, aone ndevu za Chapu, aone magodoro yaliyobandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Ukishaona jiko la hoteli, hutaki tena hoteli.

Jumatano, 20 Machi

Nimeharibu. Niandike taratibu.

Tuendelee alimkalisha Kijino kwenye kiti chake cha kuzunguka, nyuma ya kioo. Mtoto alikuwa mtulivu. Mimi nikaingia chumba cha magodoro, nikavaa hedfoni. Taa nyekundu ikawaka. Mstari wangu ulikuwa mmoja: "Wiki ijayo, watoto wazuri, chupa zangu zina njaa."

Nilijiambia nitausema vibaya. Nitaufanya wa mzaha, ili aone ni mzaha. Lakini mwili ukishazoea kazi hausikilizi tena mtu. Taa ile ikiwaka Bi Kizibo huja mwenyewe. Alikuja. Nilipoinua macho, Kijino alikuwa ameshika kingo za kiti, anatazama mdomo wangu.

Kisha akaingia yule bwana wa Chapu, namwita Mandevu. Akasema mstari wake kwa sauti ya Chapu, akajikuna tumbo. Kijino akateremka kwenye kiti, akamfuata mlangoni, akamwuliza mkia uko wapi. Mandevu akaona amjibu kiungwana, kama mtu mzima. Akachuchumaa.

"Hakuna mkia, binti," akamwambia. "Hakuna kindi. Ni mimi tu."

Tuendelee alikasirika, kuna sheria watoto wasiambiwe. Mimi nilifurahi. Nikasema moyoni, imekwisha, dawa imeingia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alininyima mkono. Kwenye kona ya duka la vioo akasimama.

"Kwa hiyo Chapu hayupo," akasema, mkono mdomoni.

Nikamwambia ndiyo, hayupo, ni mchezo wa watu wazima.

"Ila Bi Kizibo yupo."

Nikamwambia hayupo pia, ni mimi tu, roho —

Nikajikata ulimi hapo. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, vilevile kama siku ile.

"Nimemwona," akasema.

Alhamisi, 21 Machi

Televisheni haijawashwa leo. Mwenyewe hakuitaka. Mkwe akaniambia, kwa haki kabisa, kwamba labda safari ya jana imesaidia. Yeye hakuona ninachokiona mimi: mtoto yuko kazini. Anazunguka nyumba. Amefungua makabati yote ya jikoni, amezishika chupa moja moja — ya mafuta, ya siki, ya dawa ya kikohozi — anaziinua kwenye mwanga, anazitikisa, anazitegea sikio.

Nilimwuliza anatafuta nini. Hakunijibu. Zamani ungeniambia mtoto hanijibu ningekuambia mengi. Sasa nimeyabana yote. Nikifungua mdomo nasikia hedfoni masikioni.

Nimemwangalia pia akilipima komeo la stoo. Liko nje, chini, kwa sababu mwanangu alilifunga akiwa amekaa. Analifikia bila kiti. Nikaona, nikapita. Ndiyo hivyo, na macho yangu ya kisogoni.

Jumamosi, 23 Machi

Nimefungiwa.

Niliingia stoo kuchukua begi lake, lililo juu ya rafu. Mkwe anatoka zamu saa sita, amesema mtoto awe tayari. Nimenyoosha mkono tu, nikasikia mlango, kisha chuma — kwaa. Nikajua kabla sijageuka. Mimi nimefungiwa stoo zaidi ya mfungwa yeyote, kila sehemu nafungiwa. Sikujua tu jinsi inavyosikika ukiwa ndani kweli.

Daftari hili liko nyuma ya ndoo, kalamu ndani yake. Kidirisha cha juu kinatoa mwanga. Basi naandika, mikono isije ikafanya jambo jingine.

Nilianza kijinga. Nilisema fungua mlango huu sasa hivi. Hilo ni la sehemu ya kwanza. Nikasema nahesabu mpaka tatu, mimi si mwenzio. Ya pili, na ya nne. Nikapiga mlango. Bi Kizibo hupiga mlango kila siku kabla muziki wa mwisho haujaanza. Hata kwangu mwenyewe nilisikia ule muziki.

Hafungui. Lakini chini ya mlango kuna uwazi, na nyayo mbili ndogo ziko pale. Amesimama.

Nikashusha sauti. Nikasema nifungulie, nikupe kitu. Sikumaliza. Nyayo zilirudi nyuma hatua moja.

Nikasema samahani. Niliona hilo ni langu, si la kizee. Akanijibu kutoka huko, na mluzi wake:

"Hata siku ile alisema samahani. Akatolewa, akamziba mwingine."

Ni kweli! Sehemu ya kumi. Tuendelee alisimama akapiga makofi. Ilikuwa samahani nzuri kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu, na nilimwambia kindi.

Basi nimekaa juu ya ndoo. Nimepekua kichwa changu kama anavyopekua makabati. Kila neno ninalolishika lina alama ya kizee. La kuamsha, la kulaza, la kuogesha, la kubembeleza. Niliyapeleka yote studio mwenyewe, kwa furaha, hakuna aliyenilazimisha. Ni mdomo mrefu tu ulikuwa hauishi.

Ameongea tena. Sasa hivi. Ameweka mdomo chini kwenye uwazi, naona kidevu.

"Bibi yangu umemtia chupa gani?"

Nimelazimika kuacha kalamu kidogo.

Kumbe aliyemfungia humu si mimi, ni Bi Kizibo. Wiki mbili mimi najihesabu nachukiwa, namchukia Tuendelee, Mandevu, mkwe, Bibi wa Bustani na televisheni yake ya gereji — na huyu mtoto kila siku ananitafuta mimi. Ndani ya siki. Ndani ya dawa ya kikohozi. Chapu hayupo, tulimwambia wenyewe kwamba hayupo, basi ameamua kufanya kazi hiyo peke yake. Kabla mama yake hajaja. Hataki kuondoka kabla hajanitoa.

Nimjibu kwa sauti gani? Nikisema mimi hapa, ni Bi Kizibo anasema mimi hapa.

Kuna kitu kimoja sikukipeleka studio.

Nimeyatoa yale manne ya mbele. Nimeyashika mkononi, yana joto. Ulimi unatafuta ukuta haupo. Sijawahi kuongea hivi mbele ya kiumbe, hata paka. Nimepiga magoti — magoti yamelia, wacha yalie — nimeweka mdomo kwenye uwazi, nikamwita jina lake. Kijino. Halikutoka kama lilivyo. Limetoka na upepo, kama la mtoto.

Kidevu kimeondoka. Jicho limekuja mahali pake.

"Nani huyo?"

Nikamwambia sina meno. Nikamwambia yale si yangu, nilinunua. Nikamwambia ninaficha mdomo wangu kila siku, kama yeye.

Kisha, kama askari wa mpakani:

"Sema sabuni."

Nimesema. Yesu na Maria na majirani wote! Ulikuwa mluzi wa birika. Nje kuna sauti, sijui ni kicheko au kikohozi, ameibana kwa mkono.

Sasa ni ufunguo wa mkwe kwenye mlango wa mbele. Viatu vyake vya zamu. Anamwita mtoto, anauliza yuko wapi, gari linasubiri, na bibi yuko wapi. Atasikia. Nikifungua mdomo tena, hivi nilivyo, atasikia, na mkwe ni mtu wa kusikia mara moja na kuhifadhi.

Kijino hamjibu mama yake. Anamwambia shii. Mkono wake uko kwenye komeo, nasikia chuma kikigusa chuma. Kinasogea kidogo. Kinasimama.

"Tena," ananiambia mimi. "Sema tena, kwa nguvu."